Plasta Kwenye Santuri ya Khalati

Muuzaji wa santuri kule Houston aliigeuza mara mbili kabla ya kusema neno, na kwa hilo nikampa maksi. Mtu anayegeuza kitu mara moja ana haraka ya kukudanganya. Akaitoa kwenye kava, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akanusa. Aliuliza imekaa wapi, maana ilinuka udi, na chini ya udi ile harufu ya gundi ya plasta za hospitali ambayo haiishi hata miaka ikipita. Nikamwambia imekaa kabatini. Akataja bei iliyonifanya nihesabu nyimbo upya nione kama moja ni ya dhahabu. Kisha akaweka kidole juu ya plasta iliyobandikwa kwenye kava, kipande kirefu kilichokuwa cheupe na sasa kina rangi ya chai ya maziwa, akasema tukiitoa taratibu kwa mvuke, bei inapanda mara mbili.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Napatana na fundi wa gari, napatana na anayenisuka, nimewahi kupatana na daktari wa meno huku mdomo uko wazi. Siku hiyo sikupatana. Niliirudisha santuri kwenye mfuko, nikaenda kukaa garini bila kuwasha injini, nikainusa tena.

Iliingia nyumbani kwetu Mansfield, saa nne kaskazini ya Houston, mikononi mwa mwanamume aliyekuja kuangaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika nyumba ile mwangaliaji mkuu nilikuwa mimi.

Khalati Rukia, mdogo wake Mama, alikuwa akikaa nasi. Tulilala chumba kimoja, vitanda viwili na meza katikati. Alikuwa nesi wa zamu za usiku, kwa hiyo mimi nikirudi shule ndiyo kwanza yeye anaamka, na alinisuka huku mkate wake ukipoa kwenye chai. Kila mfuko wake ulikuwa na rola ya plasta. Alizibia bahasha, aliandikia majina ya viungo kwenye mikebe ya jikoni, alishikizia upindo wa buibui uliofumuka. Mimi niliamini kabisa kwamba ndivyo dunia inavyoshikana, kwamba usiku mtu kama Khalati hupita akibandika palipoachia.

Kisha hospitali yao ikampeleka Houston wiki tatu, kujifunza mashine mpya za kusafisha figo, akarudi anaitabasamia simu. Nilihesabu. Jumatatu mara nne, Jumanne mara tisa. Nikapeleka ripoti kwa Bibi.

Bibi, mama yao, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kwa viza ya miezi sita, na sanduku la leso pea kumi na nane. Nilizihesabu mara mbili kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili. Kupatana bei pia ni yeye. Aliwahi kupatana bei ya kotmiri na keshia wa supamaketi, foleni ya watu sita nyuma yetu, na wallahi yule binti alikuwa karibu kulegea.

"Mara tisa kwa siku moja," Bibi alisema. "Huyo si mgonjwa wake huyo."

Akaitwa, akaja. Jina lake Salim, fundi wa zile mashine za hospitali, anakaa Katy, nje kidogo ya Houston. Alikuja na baba yake mzazi, mzee mpole wa Kizanzibari, wakafika baada ya adhuhuri wamechoka na barabara. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni na daftari la hesabu, nikijifanya nafanya kazi ya shule. Viatu vimefutwa vumbi mbele, nyuma havikufutwa. Aliwekewa sambusa nne, akala tatu.

"Kwenda kazini unaendesha muda gani?" Bibi alimuuliza.

"Saa nzima, Bibi. Kukiwa na foleni, saa moja na nusu."

Bibi alinitazama. Nilijua anachofikiri, maana alikuja kukisema jikoni baadaye: mtu anayekaa mbali vile na kazi yake, anakimbia nini?

Wanaume wengine waliokuja kujitambulisha kwenye nyumba tulizozijua walileta halua, walileta manukato. Salim alitoa kwenye mfuko wake kitu bapa cha mraba, nikadhani sinia. Alimpa Khalati mbele ya watu wote, kwa mikono miwili.

"Hii ya kukusaidia kulala," alisema.

Mama alikohoa. Baba yake Salim aliangalia zulia. Salim akagutuka, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba hii ni santuri, watu wawili tu, Wajapani, wanapiga gitaa na kuimba muziki wa ajabu-ajabu hivi, kama ndoto. Ndiyo santuri yao ya kwanza. Walitoa nakala chache, hata kwao watu hawawajui.

"Kwao hawajulikani," Bibi alisema, "wewe umewajulia wapi?"

"Dukani, Bibi. Houston."

Kava lilikuwa na picha ya kijivu. Mwanamke ameketi kwenye ngazi, nywele zimemfunika uso. Mwanamume amesimama nyuma yake na gitaa, anatazama kwingine, na ukungu umewala wote miguu. Pembeni maandishi ya Kijapani, mistari miwili ya kusimama, inayoshuka kama maji kwenye ukuta. Tatizo la kwanza, ambalo Salim hakulifikiria kwa sababu mwenye gramafoni hudhani kila mtu anayo, ni kwamba sisi hatukuwa na gramafoni. Tulichopewa, kwa hesabu zetu, kilikuwa picha na maneno.

Hapa niwaeleze wale waliolelewa na mama wasiofunga leso. Kwa Bibi, leso haikuwa kitambaa. Leso ni jina lake, ule mstari ulioandikwa chini. Ukimpa mwanamke leso, haangalii kwanza rangi. Anasoma ameambiwa nini, na na nani, na mbele ya nani. Jirani akikuchosha, humgombezi, unajifunga kiunoni leso yenye jina la kumfaa na kuanika nguo polepole. Na kuna sharti kubwa kuliko yote: leso haiulizwi. Ukiuliza "ulikuwa na maana gani?" umekiri kwamba imekuingia. Leso hujibiwa kwa leso.

Basi wageni walipoondoka Bibi akavaa miwani, akaliweka kava mapajani.

"Imeandikwa nini?"

"Mama, hiyo si leso," Mama alisema. "Ni muziki."

"Muziki uko wapi? Mimi naona maandishi."

Lilikuwa jambo gumu kubishana nalo. Nyumba nzima ilikuwa kimya.

"Basi Rukia ampigie amuulize."

"Aulize? Ili aonekane ameguswa?" Bibi aligonga kava kwa ukucha. "Mwanamume kabeba kitu cha maandishi kutoka Katy, kampa binti yangu mbele yangu. Amesema neno. Na ile sambusa moja aliyoiacha, hilo nalo neno."

"Labda alishiba."

"Kwa sambusa tatu? Zangu?"

Khalati alikuwa akicheka, lakini alikuwa akicheka huku anaangalia kava. Nilimjua. Naye alikuwa mtoto wa Bibi, na leso alianza kuzisoma kabla ya vitabu.

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa na tableti ya shule ambayo ukiielekeza kamera kwenye maandishi, inakutafsiria kwa Kiingereza. Na nilikuwa ndiye mtu wa nyumba ile ambaye hesabu zake hazirudiwi. Nikachukua kava, nikaenda nalo dirishani kwenye mwanga. Mstari wa kwanza ulikuwa na herufi saba. Wa pili tano. Tableti ikasita, ikatetemeka, ikatoa mistari miwili. Wa kwanza ulisema: usiningoje. Wa pili ulisema: nimeshafika.

Nilisimama pale muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nje jirani alikuwa akikata nyasi kwa ile mashine yake iliyomkosesha Khalati usingizi kila mchana. Nilikuwa nimeshapiga hesabu za Katy. Saa nne na zaidi kwa gari. Kitanda kimoja kingebaki kitupu, na hakuna aliyekuwa amepanga nani atanisuka. Hata santuri yenyewe, kwa akili yangu, ilikuwa barua ya mtu kumwambia Khalati kwamba ameshafika kumchukua. Picha ilinithibitishia: yule mwanamume aliyesimama nyuma ya mwanamke, hata miguu haina.

"Inasema, usiningoje," nikawaambia.

"Na nini?"

"Basi. Usiningoje."

Tableti nikaizima.

Bibi alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Khalati alichukua rola ya plasta mezani akaanza kuivuta na kuirudisha, kuivuta na kuirudisha. Hakuhakikisha maandishi kwa simu yake mwenyewe, na wakati huo nilishangaa kwa nini. Sasa naelewa. Mtu aliyepigwa kofi haendi kupima ukubwa wa mkono.

"Angeniambia kwa mdomo," alisema mwishowe.

"Ameona haya," Bibi alisema. "Kakuambia kwa Kijapani. Nijibu?"

Khalati alikata plasta kwa meno. "Jibu."

Bibi akafungua sanduku, na udi ukajaa chumba. Alizipitia leso zote kumi na nane, akachagua ya zambarau yenye jina: *Sikukuita, basi sikufukuzi*. Kisha akafanya jambo ambalo hata Mama lilimshtua. Akachukua mkasi, akaikata pea katikati, akakunja kipande kimoja na kukitia kwenye bahasha. Leso huendana mbili. Kumpelekea mtu kipande kimoja ni kumwambia huna mwenzako hapa. Mama aliipeleka posta kesho yake huku akisema yeye hayumo.

Wiki ile Khalati alinisuka kama kawaida, mistari sawasawa, lakini hakusema kitu, na simu ilikuwa kifudifudi mezani. Santuri aliigeuza ikatazama ukuta. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nilikihesabu mara mbili kama nilivyofundishwa, na kila nikihesabu kilikuwa kimepungua.

Siku ya sita Salim alimpigia Mama. Mama akaweka spika.

"Shikamoo, Mama. Nimepokea zawadi. Nzuri sana, nimeshukuru mno."

Bibi, aliyekuwa akikuna nazi, alisimamisha mkono.

"Nimeitandika sebuleni," Salim aliendelea. "Lakini nilikuwa nauliza, samahani lakini, kuna nyingine kama hii? Maana nina spika mbili."

Mama aliagana naye, akakata simu.

"Mtu anatukanwa," Bibi alisema polepole, "anashukuru, na anaomba aongezwe. Huyo ana jambo kubwa huyo. Jumamosi twende nikamwone kwa macho."

Mama aliendesha. Khalati alikaa mbele, na alisema anakwenda kwa sababu moja tu, kumrudishia mtu kitu chake. Mimi nilikaa nyuma na Bibi, santuri mapajani mwangu kwa sababu niliambiwa niishike isipindike. Saa nne na zaidi zile herufi kumi na mbili zilinitazama.

Nyumba za Katy zilikuwa mpya zote, miti yake bado imefungwa kwenye vijiti. Salim alifungua mlango akiwa na furaha ya mtu asiyejua anashtakiwa. Na pale sebuleni, spika mbili ndefu, moja uchi na nyingine imevishwa leso ya zambarau, jina limenyooshwa vizuri kuelekea viti vya wageni. *Sikukuita, basi sikufukuzi.* Kila aliyeingia nyumba ile alisalimiwa hivyo.

Bibi alibaki amesimama. "Nani kaiweka hivi?"

"Mimi, Bibi."

"Imeandikwa nini hapo?"

Salim aliinama akasoma kwa kidole, neno moja moja. "Ni methali?" aliuliza.

Bibi akamgeukia baba yake. Mzee alikuwa akiliangalia zulia kwa bidii. "Mama yake alitutoka yeye ana miaka minne," alisema. "Nimemlea mimi na wadogo zangu wawili. Nyumba ya wanaume, bi mkubwa. Nani angemfundisha leso?"

"Na wewe uliyesoma? Hukumwambia?"

"Alifurahi sana," mzee alisema. "Nikaona nisimharibie."

Bibi aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiketi kabla ya kumaliza neno. Lakini alikuwa mfanyabiashara wa zamani, hakuondoka sokoni mikono mitupu. "Sawa. Yetu hukuijua. Na yako? Ulimwandikia mwanangu nini?"

"Mimi? Sikuandika kitu."

"Kwenye hilo kava."

Salim alilitazama kava mapajani mwangu kama analiona kwa mara ya kwanza. "Sijui, Bibi. Mimi sisomi Kijapani."

"Umempa mtu maneno usiyoyajua?"

"Nilimpa muziki," Salim alisema. "Aliniambia mchana halali, kwa ajili ya mashine za nyasi. Mimi nikitoka zamu mbaya huwa naweka hii." Kisha, kwa sauti ya chini, "Hamkuisikiliza?"

Nilimpa santuri. Akaishika kwa kingo, akaiweka, akashusha sindano.

Kwanza ilikuwa mikwaruzo, kama mtu anachambua mchele. Kisha gitaa, nyuzi mbili tatu, likasimama kama limesahau lilikokuwa linakwenda. Kengele ndogo. Kitu kama pumzi ya mtungi. Tulingoja.

"Wanaanza lini?" Bibi aliuliza.

"Wameshaanza, Bibi."

Ndipo mwanamke akaimba, sauti nyembamba isiyo na haraka, na mwanamume akaingia nyuma yake, amechelewa neno zima. Nilidhani amekosea. Lakini kila mstari alichelewa vile vile, anamfuata kwa hatua moja, anakanyaga pale alipotoa yeye mguu, na mwisho wa wimbo mwanamke alinyamaza na yeye akanyamaza papo hapo. Sijui alimfikia wapi. Nilikuwa nikiwahesabu na bado aliniponyoka. Khalati alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani tangu tulipoingia. Ulipofika wimbo wa tatu aliushusha mkoba chini. Wa nne alikuwa amefumba macho.

Bibi alikuwa na kava. Alipitisha ukucha wake juu ya maandishi kutoka juu kwenda chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Wewe mhesabuji," aliniita. "Hapa pana mistari mingapi?"

"Miwili."

"Hesabu tena."

"Miwili, Bibi."

"Na siku ile ulitusomea mingapi?"

Sahani iliendelea kuzunguka. Mama alinitazama, kisha Salim, kisha mzee wa watu naye akaliacha zulia. Khalati tu hakufumbua macho.

"Mmoja," nilisema.

"Soma wa pili."

"Unasema, nimeshafika." Sikutaka kulia, lakini sauti ilikuwa imeshatangulia. "Usiningoje, nimeshafika. Ndivyo lilivyo lote."

Salim alicheka kidogo, si kwa kunicheka. "Miaka yote hii," alisema, "na mimi sikujua."

Bibi alimtazama, kisha spika iliyo uchi, kisha iliyovaa. "Mwenzake leso hii ninaye nyumbani," alimwambia. "Nitakuletea. Lakini hiyo igeuze, jina litazame ukuta. Nyumba hii itaingia watu."

Tukirudi, Mama na Bibi walijadili wali wa harusi kuanzia Katy. Safari hii Khalati alikaa nyuma na mimi. Santuri haikurudishwa tena, ilikuwa kati yetu. Hakunisemesha mpaka tulipobakiza saa moja.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki niende," alisema.

"Ungebaki?"

"Nisingebaki. Lakini ungeniambia."

Nilianza kumwomba radhi kwa Kiingereza, lugha niliyotumia nikitaka jambo liwe dogo. Akaniwekea kidole mdomoni. "Kwa Kiswahili," alisema. Ikanichukua muda, maneno yalikuwa mazito zaidi, na alingoja mpaka yakaisha.

Harusi ilifanyika kabla viza ya Bibi haijaisha. Kipande cha pili cha leso kilienda Katy kwa mkono wake mwenyewe. Siku Khalati alipohama nilihesabu maboksi yake, kumi na moja, nikajificha garaji mpaka gari likaondoka, maana sikutaka kuagwa. Alinyoosha shingo dirishani akinitafuta. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, yeye hakuniona.

Niliporudi chumbani kitanda chake kilikuwa godoro tupu, na katikati ya godoro ile santuri. Salim alikuwa nazo mbili, Mama alinieleza baadaye. Anachokipenda hununua mara mbili, na hilo ndilo jambo la kwanza la Salim nililoliheshimu. Juu ya kava, pembeni, Khalati alikuwa amebandika plasta yake, kipande kirefu cha kusimama, kimekatwa kwa meno. Nilidhani kava limechanika. Nikapapasa, halikuchanika. Mstari mmoja ulikuwa umefunikwa wote, na mwingine ameuacha.

Nilihesabu herufi zilizobaki. Tano. Ulikuwa ule wa pili, niliouficha mimi. Nikaketi kwenye godoro nikahesabu tena, kwa kidole, kutoka juu kwenda chini kama zinavyosomwa. Tano.